Dashibodi inasema 14, noti zinasema 11

Katika vijiwe vya madereva, kuanzia Kabwe, hapa Mbeya, hadi Tunduma, kuna hukumu iliyokwisha kutolewa zamani na haikatiwi rufaa: dashibodi ni mwongo. Mwenye Toyota Premio ya cc 1500 atakwambia kioo cha dashibodi kinamwandikia kilomita 14 kwa lita, lakini akipiga hesabu ya pesa aliyoacha sheli anapata 11. Mwenye Mark X analalamika kwamba chake kinamwongezea kilomita mbili nzima, "na hapo AC sijawasha", kana kwamba kuna mtu anayewasha AC Mbeya mwezi wa saba. Upande wa pili wako wanaoamini kompyuta. Gari linahesabu kila tone linaloingia kwenye injini, wanasema, kwa hiyo anayekosea ni mwenye kalamu na karatasi.

Mimi nawaelekea zaidi hawa wa pili, ingawa si kwa sababu wanazozitoa. Kioo kinakosea. Ila kwa gari moja kinakosea kidogo, na karibu siku zote kwa upande ule ule, na kosa la namna hiyo ukishalijua unalirekebisha. Hesabu ya sheli, kwa jinsi wengi wetu tunavyoipiga, inakosea zaidi, tena leo inakosea juu, kesho chini. Halafu iko milima yetu, ambayo inazifanya namba zote mbili zisiwe na maana mpaka mtu aseme alikuwa anatoka wapi kwenda wapi.

Tuanze na kioo chenyewe. Ndani ya gari hakuna mita ya mafuta kama ile ya pampu. Kuna hesabu tu. Nozeli, kile kidude kinachonyunyizia mafuta kwenye injini, inafunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi, inajua imeifungua kwa muda gani na mara ngapi. Inajua pia, kwa mujibu wa kiwanda, nozeli hiyo ikiwa wazi hupitisha mafuta kiasi gani. Inazidisha, inajumlisha, kisha inalinganisha na kilomita zilizohesabiwa na sensa ya magurudumu au ya giaboksi. Namba inayotokea ndiyo unayoiona mbele yako.

Udhaifu uko kwenye hayo maneno "kwa mujibu wa kiwanda". Gari lililoundwa 2007 limetembea Japan miaka kadhaa, limepanda meli, limekuja kumalizia nguvu zake huku kwetu. Nozeli zimechoka, pampu iliyo ndani ya tenki haisukumi kwa presha ile ya ujana wake. Nozeli ikiwa imeziba kidogo, sensa ya oksijeni inatoa taarifa kwamba petroli haitoshi, na kontrol boksi inaiacha wazi muda mrefu zaidi ili mafuta yale yale yapite. Hesabu ya kioo inaona muda mrefu, inadhani mafuta ni mengi. Kwa maneno mengine, kioo cha gari lenye nozeli chafu kinaweza kukuonea badala ya kukusifia. Nozeli inayovuja inaleta kinyume chake.

Kwa kawaida, hata hivyo, vioo vingi husifia kidogo, na hapo wanaolalamika hawajakosea. Wanachokosea ni ukubwa wa sifa. Kioo kinachozidisha kwa asilimia chache ni kitu cha kila siku. Lakini kutoka 11 hadi 14 ni zaidi ya robo. Gari ambalo hesabu yake ya mafuta imepotoka kwa robo nzima, kwa kawaida lingekuwa limekwisha kuwasha taa ya cheki injini na kukupeleka kwa fundi kabla hujapata nafasi ya kubishana kijiweni. Pengo kubwa hivyo lazima litafutiwe chanzo kingine, na chanzo hicho mara nyingi kiko sheli.

Namna tunavyonunua mafuta ndiyo inayotuponza. Watu wachache sana hujaza tenki. Tunasema "weka ya ishirini", tunaondoka. Tuchukue lita moja ni shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi: elfu ishirini inakupa lita 6.7 hivi. Dereva anasubiri taa ya mafuta iwake, anaweka ya ishirini, anaendesha mpaka iwake tena, anagawanya kilomita kwa lita. Njia hiyo inaonekana ya akili. Tatizo ni kwamba taa ile inawashwa na boya linaloelea ndani ya tenki, na boya halijui kama gari limeinamia mbele au nyuma. Mbeya mjini penyewe ni mteremko. Taa ikiwaka ukiwa unapanda, kisha mara ya pili ikiwaka ukiwa unashuka, kilichobaki ndani ya tenki si kiasi kimoja. Tuseme tofauti ni lita moja na nusu tu. Kwa lita 6.7, hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 20. Zile kilomita tatu zinazodaiwa kuibwa na dashibodi karibu zote zimeishia hapo.

Wapo wanaofanya vibaya zaidi, wanaohesabu noti badala ya lita. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei za huku juu huwa juu ya zile za Dar es Salaam kwa sababu mafuta nayo yanalipiwa usafiri. Bei ikipanda, ghafla magari ya mji mzima yanaanza "kula". Ikishuka, yanarudi "kunusa". Nozeli hazijaguswa.

Njia ya kujaza tenki hadi pampu ijikate yenyewe, kuendesha, kisha kujaza tena na kugawanya kilomita kwa lita zilizoingia, hiyo ni njia nzuri, na wanaoitetea wana haki. Lakini nayo ina masharti yake. Pampu mbili hazijikati mahali pamoja, sakafu za sheli hazilingani, na kijana wa pampu anaweza kukuongezea matone ili pesa iwe kamili. Lita moja hapa, lita moja pale. Kwa tenki la lita 45 kosa hilo ni dogo, asilimia mbili au tatu. Uzuri wake hauthaminiwi vya kutosha: ukijaza mara tatu mfululizo na kujumlisha lita zote na kilomita zote, makosa ya katikati yanafutana. Kinachobaki ni kosa la kujaza kwa mwanzo na kwa mwisho, ambalo sasa limegawanywa kwa lita 130 badala ya 45. Hapo ndipo hesabu ya sheli inapokuwa hakimu wa kweli. Ajazaye tenki mara moja tu na kutangaza matokeo bado hajapima kitu.

Kuna kosa moja ambalo pande zote mbili hulibeba bila kujua, nalo ni la matairi. Kunyanyua gari kumekuwa fasheni kutokana na matuta na barabara za vumbi za vijijini, na wengi wakinyanyua hubadilisha na matairi. Ukitoa 195/65 R15 ukaweka 205/65 R15, kipenyo cha tairi kinakua kwa asilimia 2. Kilomita 100 za kwenye mita zinakuwa 102 za barabarani. Tairi likiisha meno inakuwa kinyume chake, linapungua kipenyo na mita inazidisha. Kioo na kalamu vyote vinatumia mita hiyo hiyo ya kilomita, kwa hiyo vikitofautiana, tairi halina hatia. Lakini vyote viwili vinaweza kuwa vimekosea pamoja, na hilo utalijua tu ukilinganisha mita yako na vibao vya kilomita vilivyopo kando ya barabara kuu. Hapa watu huchanganya na spidomita. Kanuni ya kimataifa inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, ndiyo maana nyingi huzidisha kidogo kwa makusudi. Mita ya kilomita haina sababu ya kufuata kosa hilo.

Sasa milima, ambako ndiko ubishi wa huku unakotofautiana na wa Dar.

Chukua barabara ya Uyole kwenda Kyela. Inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 maeneo ya Ntokela na Isongole, kisha inashuka kupitia Kiwira na Tukuyu mpaka Kyela, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu na Ziwa Nyasa. Kuinua gari la tani moja na nusu, pamoja na watu wake, kwa mita 1,500 kunahitaji nishati ambayo, kwa injini ya petroli inayogeuza chini ya theluthi ya mafuta kuwa kazi, ni kama lita mbili na robo. Hizo ni nje ya mafuta ya safari yenyewe. Wakati wa kushuka, ukiwa kwenye gia na hukanyagi mafuta, kontrol boksi inafunga nozeli kabisa. Gari linatembea bure. Ndiyo maana kioo cha kushuka kinapendeza hivyo.

Na ndiyo maana madalali wanakipenda. Ukiona picha ya dashibodi kwenye tangazo la gari inayoonyesha kilomita 19 kwa lita, jiulize mita ilirudishwa sifuri wapi. Mtu akibonyeza sifuri Isongole na kupiga picha Kyela, hajadanganya hata namba moja.

Lakini hata mkweli anakosea kwenye kujumlisha. Tuseme gari limekula kilomita 16 kwa lita kwenda na 8 kurudi, kwa umbali ule ule. Kijiweni wastani wake ni 12. Sivyo. Kilomita 100 za kwenda zimetumia lita 6.25, 100 za kurudi zimetumia 12.5, jumla lita 18.75 kwa kilomita 200, yaani 10.7 kwa lita. Lita zinajumlishwa, kilomita kwa lita hazijumlishwi. Huyo anayesema kioo kilimwonyesha 12 na sheli ikamwonyesha chini ya 11, mara nyingi alisoma kioo mara mbili akagawa kichwani. Kama angeiacha mita bila kuirudisha sifuri tangu anaondoka mpaka anarudi, kioo chenyewe kingemwambia kumi na pointi. Nadhani hili peke yake linaeleza ugomvi mwingi kuliko uchovu wa nozeli.

Ile namba ya kilomita zilizobaki kabla mafuta hayajaisha ndiyo ya kuogopwa zaidi. Inakadiriwa kutokana na ulaji wa muda mfupi uliopita. Ukishuka hadi Kyela inaweza kuongezeka badala ya kupungua, ukafika ukiwa na kilomita nyingi kuliko ulizoondoka nazo Tukuyu. Ukigeuza gari kupanda, zinayeyuka mbele ya macho yako. Hapo naungana na wanaosema dashibodi haiaminiki, bila masharti.

Kwa upande mwingine, mlima husingiziwa mengi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, na ukifika uko juu ya ulikotoka kwa mita 1,700 hivi. Kwa gari lile lile, bei ya kupanda huko ni lita mbili na nusu au zaidi kidogo. Kwa safari inayokula karibu lita 70, hiyo ni asilimia nne. Kinachomaliza mafuta ni kufuata lori la Zambia kwenye kona za Kitonga kwa gia ya kwanza na ya pili, vibao vya 50 vinavyofuatana kijiji hadi kijiji, na matuta, ambayo kila moja linakutaka uue mwendo ulioununua kwa petroli kisha uununue upya. Kilomita zile zile zikiendeshwa saa kumi alfajiri na saa nane mchana hazitoi namba moja, na mlima haujasogea.

Wengi huamini pia kwamba hewa nyepesi ya huku juu inafanya gari lile zaidi. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi cha kulingana. Lakini kupoteza nguvu si kula mafuta. Kwenye tambarare, kwa mfano kati ya Igawa na Chimala, gari linapasua hewa nyepesi zaidi kuliko ya Kibaha, na mlango wa hewa wa injini unafunguka zaidi kwa mwendo ule ule, jambo linaloipunguzia injini kazi ya kuvuta pumzi. Kwa hiyo ukienda 80 kwa utulivu, mwinuko unaweza hata kukusaidia. Unaumizwa kwenye kupanda tu, pale nguvu inapopungua, gia inashuka, na mshale wa mizunguko unaruka juu ya 4,000.

Baridi ndiyo adui asiyetajwa. Asubuhi za Juni na Julai, Makambako, Njombe au Mbeya, injini huamka ikitaka mchanganyiko mzito wa mafuta mpaka ipate joto. Mtu anayetoka Soweto kwenda Mwanjelwa, humu humu Mbeya mjini, akazima, akawasha tena kurudi, injini yake karibu haifiki joto lake. Ongeza foleni ya Mafiati, ambako kilomita hazisogei na nozeli zinaendelea kufunguka, injini ndogo ikitumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa ikiwa imesimama tu. Kioo kikimwonyesha 8, kimemwambia ukweli ambao hataki kuusikia kwa sababu alipoagiza gari aliambiwa 18.

Hapo tunafika kwenye namba ya tatu, ambayo nashangaa haishtakiwi hata kidogo: ile ya karatasi ya mauzo. Magari mengi tunayoyaendesha yalipimwa Japan kwa kipimo kilichoitwa 10·15, kwenye mashine ndani ya maabara, injini ikiwa imeshapata moto, umbali wa kilomita nne na kidogo, wastani wa mwendo chini ya 25 kwa saa, kasi ya juu kabisa 70. Kipimo cha JC08, kilichochukua nafasi yake rasmi 2011, kiliongeza kasi na kuingiza kuwasha injini ikiwa baridi. Baadaye ukaja mpango wa kimataifa wa WLTC. Kila hatua ilileta namba zilizo karibu zaidi na barabara, lakini yadi za kuuza magari bado zinanukuu ile ya kwanza. Na hayo ni pale viwanda vinapopima kwa uaminifu. Novemba 2012 Hyundai na Kia walilazimika kushusha namba za magari karibu 900,000 Marekani, na Aprili 2016 Mitsubishi walikiri kuchezea vipimo vya magari madogo 625,000 nchini Japan.

Linganisha hayo na kompyuta ya gari. Tangu 2021 magari mapya ya abiria Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na mfumo unaorekodi mafuta yanayotumika barabarani, na sheria inautaka usikosee zaidi ya asilimia 5. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo: magari ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa 2021 yalitumia takriban asilimia 20 zaidi ya kipimo rasmi cha maabara. Shahidi aliyekiumbua kipimo rasmi alikuwa kompyuta za magari yenyewe. Najua sheria hiyo haiihusu Premio yako ya 2007, na hakuna aliyekagua kioo chake tangu kilipotoka kiwandani. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuhesabu kupitia nozeli si ubabaishaji, bali ni njia inayoweza kutegemewa mahakamani ikisimamiwa.

Palipo na pesa ya mtu mwingine, kalamu lazima ishinde. Gari la ofisi, gari la kukodi, posho ya mafuta ya dereva: hapo anayelipa hana sababu ya kukubali picha ya kioo. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inaandika lita, mita inaandika kilomita, na miezi miwili ya risiti zilizotunzwa vizuri haina mjadala. Lakini mwenye gari lake mwenyewe anaweza kupata faida ya vyote viwili. Ajaze matenki matatu mfululizo, alinganishe na kioo ambacho hakikurudishwa sifuri, apate uwiano wake. Kama sheli inasema 11.4 na kioo kinasema 12, kioo chake kinazidisha kwa asilimia 5, na tangu siku hiyo anakata asilimia 5 kichwani bila kujaza tenki tena. Uwiano huo ukibadilika polepole, amwone fundi wa nozeli. Ukiruka ghafla kila anapoweka mafuta kwenye sheli moja na kurudi anapohamia nyingine, anacho cha kuwaambia Wakala wa Vipimo, kitu ambacho mwenye kuhesabu noti hawezi kamwe kuwa nacho.

Na anayepanga bei ya spesho (gari kukodiwa zima) ya Kyela, kwenda na kurudi, kwa gari la mfano wetu wa juu, apange kwa 10.7. Abiria atamwonyesha 16 ya kioo wakifika chini, naye atakuwa sahihi kwa nusu ya safari.